Antena kubwa pekee haivuki mlima

MNUNUZI wa antena ya televisheni Turiani, wilayani Mvomero, chini ya Milima ya Nguru, anapaswa kujua jambo moja kabla ya kutoa fedha: antena haizalishi nguvu. Hulenga upande mmja mawimbi ambayo vinginevyo yangetawanyika, kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga.

Uwezo huo wa kulenga hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Anga yote inayoizunguka antena ina nyuzi za mraba 41,253. Namba hiyo ikigawanywa kwa upana wa mwale, wa mlalo na wa wima, jibu ni kiwango cha ulengaji.

Antena yenye mwale wa nyuzi 60 kwa 60 hupata takriban 11. Mwale ukiwa nyuzi 30 kwa 30, hupata 46. Ungo wa sentimita 90, wenye mwale wa nyuzi mbili hivi, hufikia 10,000, lakini upepo ukiusogeza kwa uzi mmoja tu, nusu ya nguvu hupotea.

Njia nyingine ni kuweka mbele ya antena uso unaochagua masafa, yaani bamba lenye vipande vya chuma au matundu yaliyopangwa kwa utaratibu. Uso huo hupitisha masafa fulani na kuakisi mengine. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vina uso wa aina hiyo.

Mwaka 1956, mtafiti Trentini alionyesha kuwa uso unaoakisi sehemu ya mawimbi, ukiwekwa takriban nusu ya urefu wa wimbi kutoka kwenye bamba la nyuma, huongeza ulengaji. Ukiakisi asilimia 90 ya kimo cha wimbi, 1.9 hugawanywa kwa 0.1, na ongezeko ni mara 19.

Hata hivyo, hesabu hiyo huchukulia uso usio na mwisho. Uso mdogo hutoa pungufu, na kadiri ongezeko linavyopanda ndivyo masafa yanayopokelewa yanavyopungua. Hilo ni tatizo kwa mtazamaji anayetaka chaneli nyingi.

Mlima ukiziba mnara kabisa, mara 19 ya mawimbi hafifu mno bado ni kidogo. Hapo mlingoti mrefu husaidia zaidi, au ungo, kwani Tanzania iko karibu na ikweta na setelaiti nyingi zinazotumika nchini huonekana juu angani, mbali na vilele.