Ruzuku ya kupendezesha mitaa: Vikundi vya Mwanjelwa vianzie wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

WANANCHI wanaotaka kupanda miti ya kivuli, kutengeneza bustani au kuotesha nyasi katika maeneo ya wazi ya mitaa yao wanaweza kuomba ruzuku kwa ajili ya kazi hiyo. Hata hivyo, mfadhili anayesoma ombi lao hutafuta kwanza majibu ya maswali matatu: ardhi ni ya nani, tatizo gani litaondoka, na nani atamwagilia miche fedha zitakapokwisha.

Kikundi kisichokuwa na majibu hayo hakitasaidiwa na maneno mazuri kuhusu uzuri wa maua.

Mwanjelwa, eneo maarufu la biashara kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia katika Jiji la Mbeya, ni mfano unaofaa kulieleza jambo hili. Soko lake liliteketea kwa moto Desemba 2006, na soko jipya lilijengwa katika miaka iliyofuata kwa mkopo wa benki ambao Halmashauri ya Jiji ilitakiwa kuurejesha.

Soko hukusanya ushuru, hivyo linaweza kulipa deni. Bustani ya mtaa haikusanyi chochote, na ndiyo maana hutegemea ruzuku, yaani fedha zisizorejeshwa, pamoja na nguvu za wananchi wenyewe.

Fedha zinapatikana wapi

Mfuko wa kwanza wa kufikiriwa ni Mfuko wa Misitu Tanzania, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002. Mfuko huo hutoa ruzuku kwa shughuli kama vile vitalu vya miche, upandaji miti na hifadhi ya vyanzo vya maji.

Wa pili ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, iliyoanza mwaka 1992 na ambayo hapa nchini imekuwa ikiendeshwa kupitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo (UNDP). Kwa miaka mingi ukomo wa ruzuku moja ulikuwa dola 50,000 za Marekani, na waombaji hutakiwa kuonyesha mchango wao wa fedha, vifaa au nguvu kazi.

Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge, na fedha huelekezwa kwenye miradi iliyoibuliwa na wananchi. Kwa sababu hiyo, mradi usiopita katika vikao vya mtaa na kata hauna njia ya kufika huko.

Aidha, wananchi wasichanganye ruzuku na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hutolewa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawo wa asilimia nne, nne na mbili. Huo ni mkopo, na lazima urejeshwe. Unaweza kumfaa mwenye kitalu anayeuza miche, lakini haufai kugharamia bustani ya umma.

Vilevile, miradi mikubwa ya miji haitoi fedha kwa vikundi. Mradi wa Miji Mkakati, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2010 na kuihusisha Mbeya pamoja na miji mingine sita, ulipitia katika mamlaka za miji hiyo.

Ardhi kwanza

Kabla ya kuandika neno moja la ombi, kikundi kinapaswa kufahamu mipaka ya eneo kinalolitaka. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ardhi inayoonekana tupu kando ya barabara kuu ya Mwanjelwa iko chini ya Wakala wa Barabara (TANROADS).

Jambo hilo lina uzito wa pekee Mbeya, ambako upo mradi wa kuipanua barabara hiyo kuwa ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, umbali wa kilometa 29. Bustani iliyooteshwa ndani ya hifadhi bila kibali inaweza kung'olewa, na fedha za mfadhili zikapotea pamoja nayo.

Kwa barabara za mitaa, wa kuombwa kibali ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Kwa maeneo ya wazi yaliyotengwa katika ramani ya mipango miji, barua huelekezwa kwa Mkurugenzi wa Jiji kupitia kwa ofisa mtendaji wa mtaa na wa kata. Barua ya kibali iambatishwe kwenye ombi.

Andiko la mradi

Kikundi kinahitaji pia usajili, katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na muhtasari wa mkutano wa mtaa ulioupitisha mradi. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuonwa kwanza, kwa kuwa hueleza aina ya usajili inayofaa na hutoa barua ya utambulisho.

Andiko lenyewe lieleze tatizo linaloweza kuonekana na kupimwa. Kuandika kwamba "mtaa wetu hauvutii" hakumwambii mfadhili chochote. Lakini kueleza kuwa kingo za mtaro wenye urefu wa meta 150 zimeliwa na maji ya mvua, na kwamba zitashikiliwa kwa nyasi na miti 200, kunampa jambo la kulikagua.

Bajeti iambatane na ankara kifani za wauzaji, na mchango wa wananchi ukadiriwe kwa thamani halisi: siku za kazi, mawe, mbolea ya samadi, hata ulinzi wa usiku. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mfadhili naye huwa mwepesi kumwongezea aliyekwisha kuanza.

Maji ya kiangazi

Swali linalosahauliwa mara nyingi ni la maji. Mvua za Mbeya huanza kwa kawaida Novemba na kwisha kati ya Aprili na Mei, kisha hufuata takriban miezi sita ya ukavu, ikiwamo ya baridi kali ya Juni na Julai.

Hesabu yake ni rahisi. Miche 200 ikipewa lita 10 kila mmoja mara mbili kwa wiki, zinahitajika lita 4,000 kwa wiki. Kwa wiki 26 hizo ni lita 104,000, sawa na yuniti 104 za maji au madumu 5,200 ya lita 20.

Andiko linalotaja nani atalipa ankara hiyo, nani ana zamu ya kumwagilia na nani atajaza nafasi ya miche iliyokufa huaminika zaidi. Kikundi kikiona mzigo ni mkubwa, ni heri kiombe miche 60 kinayoweza kuitunza kuliko 200 itakayokauka kabla ya Oktoba.

Ni vema pia maombi yaandaliwe mapema. Fedha zikiingia Machi, mvua zinakaribia kwisha. Zikiingia Septemba, upo muda wa kuchimba mashimo, kuweka samadi na kununua miche kabla ya mvua za kwanza.

Ruzuku hulipia mwanzo tu. Kinachoamua kama wafanyabiashara na wateja wa Mwanjelwa watapata kivuli miaka mitano baadaye ni kama mtaa ulikubaliana tangu awali kuhusu mwenye ndoo.