Chenye kupasua tiyo ni maji yenyewe

Mu mwezi wa saba, saa kumi na mbili ya asubuhi, mutu wa Butembo anavaa makoti mawili na kusema baridi inamuua. Hatumucheke: muji wetu uko juu ya metre 1 700 na upepo wa mulima haubembeleze mutu. Lakini maji ya bidoni yenye ililala inje inabakia maji. Hakuna mwenye aliamuka siku moja ku Furu ao ku Vungi akakuta bidoni yake imegeuka jiwe. Ndiyo maana habari ya kulinda maji isigande inaonekana kwetu sawa habari ya Wazungu.

Asubuhi yenye mbingu iko safi, mutu wa Beni ainue tu macho upande wa mashariki. Ataona Ruwenzori na kofia yake nyeupe. Wazee wetu Wanande na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda hawakuomba mutu neno la kuita ile kitu: ni nzururu, na wanasema Kitasamba anakaa mule. Kule juu, ku Margherita, ni metre 5 109, na mupaka wa inchi mbili unapita palepale. Tangu Duke wa Abruzzi, mujukuu wa mufalme wa Italia, apande pale mwaka 1906, barafu imepunguka sana: wakati ule ilifunika zaidi ya kilometre 6 za mraba, na kufika 2003 haikubakisha hata moja. Hata vile, usiku wa kule unaganda mupaka leo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mutu akipanda metre 1 000, joto inashuka karibu degre 6. Beni iko karibu metre 1 200. Tuseme usiku iko na degre 18. Nyumba ya wapandaji ya Kiondo iko karibu metre 4 300, ni kusema metre 3 100 juu yake. Toa 18 na kitu: umefika ku sifuri. Kama mbingu haina mawingu, inaenda chini ya sifuri, na chupa yenye uliacha karibu na mulango haitakunywesha asubuhi.

Sasa, juu ya nini vitu vinapasuka? Kila mutu ameona hii: umeweka chupa ya Primus mu konjelateri ipate baridi haraka, simu ikalia, ukasahau. Asubuhi unakuta vipande vya chupa. Watu wanasema baridi imeipasua. Ukweli ni kama maji ya ndani ndiyo imeipasua. Vitu karibu vyote vinapunguka vikipata baridi, lakini maji ikishuka chini ya degre 4 inaanza kupanuka, na wakati inageuka barafu inaongezeka karibu 9 ku 100. Bidoni ya lita 20 yenye imejaa mupaka ku shingo, maji yake ikiganda yote, inatafuta nafasi ya karibu lita 22. Ile nafasi itaipata wapi? Plastiki inapasuka, na shaba vilevile.

Ku tiyo ni mubaya zaidi. Barafu inafunga tiyo sawa kifuniko, kisha inasukuma maji yenye imebakia kati yake na robine yenye imefungwa. Mara mingi tiyo inapasukia mbali na barafu, pale penye nguvu ya ile maji ilikosa pa kutokea. Na hautaona kitu mara moja, juu barafu yenyewe inaziba tundu. Jua ikipanda ndipo maji inaanza kumwangika.

Kwa ile sababu, sisi tunatanguliza kutoa maji, ao kuiachia nafasi. Moto unakuja nyuma. Moto unaweza kuzimika saa tisa ya usiku, gazi inaisha, kuni zinakuwa mbichi. Tiyo yenye haina maji haiogope kitu.

Ku mulima ile kazi ni ya chupa na bidoni. Wenye wanapandia Mutwanga wanapita Kalonge, karibu metre 2 100, kisha Mahangu, karibu 3 300, kisha Kiondo. Ku Kalonge maji haina shida. Kuanzia Mahangu, mutu asijaze chupa mupaka juu: aache vidole vitatu vya nafasi. Jioni achemushe maji, aitie ya moto mu chupa ya chuma, aivalishe soksi, ailaze pamoja naye mu mufuko wa kulalia. Usiku inamupasha miguu, asubuhi anainywa. Chupa yenye itabakia inje, aigeuze kichwa chini. Barafu ni nyepesi kuliko maji, inaelea, kwa hiyo inaanza juu. Ukiigeuza, barafu inashika matako ya chupa na kifuniko kinafunguka bila shida. Sababu ni ileile bidoni yenye iko na robine chini inatoa maji wakati mudomo wake umekwisha kuganda.

Mbele ya kulala, jaza sufuria maji na uifunike. Ikiganda, unaiweka ku moto vile iko. Lakini maji yenye imegandia ndani ya bidoni utaitoa namna gani? Na usifikiri kuyeyusha barafu ni kitu ya bure. Kilo moja ya barafu, mbele ya kuwa maji baridi tu, inakula moto wenye ungetosha kupandisha ile maji kutoka sifuri mupaka degre 80. Kama ulihesabu gazi ya kuchemusha tu, itaisha kabla ya siku yako. Kukata miti ya pale juu ni jambo lingine kabisa: ni parke, na ile miti inachukua miaka mingi kukomaa.

Wenye wako na filtre ya maji, ile ya tiyo ndogo-ndogo ndani, walale nayo pia. Ikiganda mara moja, zile tiyo zinapasuka ndani bila mutu kuona, na filtre inaendelea kupitisha maji sawa kawaida, pamoja na vijidudu.

Sen̂esio kubwa za kule juu zilijua hii kazi mbele yetu. Majani yake yenye kukauka hayaanguke, yanabakia kuzunguka muti sawa koti, na maji yenye inapanda ndani ya muti haigande. Usiku majani mabichi yanajifunga ku kichwa. Fundi wa tiyo akizungushia tiyo nguo nzito, anafanya vile ule muti unafanya.

Ni uchungu kuandika hii yote wakati njia yenyewe iko karibu bila watu. Pori za chini ya Ruwenzori zimekuwa mahali pa mauaji ya ADF, na vijana wa Mutwanga wenye walikuwa wanabeba mizigo ya wapandaji wamerudia mashamba, kama shamba lenyewe linafikika. Wageni wengi wanapandia leo upande wa Uganda. Ujuzi wa mulima unapita mu mikono: mwenye hajalala Kiondo hatafundisha mudogo wake namna ya kulaza chupa.

Lakini hesabu ya lita 20 na lita 22 inafuata watu wetu hata mbali. Leo karibu kila famiya ya Butembo na Beni iko na mutu Kanada, Marekani ao Ulaya. Kule kuko karavani, nyumba ndogo ya magurudumu yenye gari inakokota. Iko na tangi ya maji safi, pompi ya umeme, tangi ndogo ya maji moto, robine, na tangi ya maji chafu. Ku Winnipeg usiku unaweza kufika degre 30 chini ya sifuri, na tiyo nyembamba zenye zinapita chini ya sakafu ndizo zinaganda za kwanza.

Ndugu mwenye anaweka karavani mpaka baridi iishe, atoe maji yote. Azime kwanza moto wa tangi ya maji moto na aiache ipoe, juu kuifungua ikiwa ya moto ni kujiunguza. Afungue robine zote, za moto na za baridi, na ile ya kuogea, na robine za chini zenye kutoa maji. Aache pompi izunguke kidogo mupaka ikaukiwe, kisha aizime. Na asiwashe tena tangi ya maji moto ikiwa tupu, itaungua.

Mwenye atalala ndani wakati wa baridi, shauri letu ni aache tangi na tiyo tupu kabisa, atumie bidoni zenye ziko ndani pamoja naye, sawa vile tunafanya ku nyumba siku robine ya muji imekauka. Mu ile mambo mutu wa Butembo iko na masomo ya juu. Kama anapenda robine lazima, ajaze tangi ya ndani kisha achomoe tiyo yenye inatoka inje, aimwange. Milango ya kabati zenye tiyo zinapita abakishe wazi, joto ya chumba iingie. Robine ya kutosha maji chafu aifunge mupaka tangi ijae: maji yenye kutiririka kidogo-kidogo inaganda njiani na kuziba yote.

Kwa maji kidogo yenye inabakia ku pompi na ku mikunjo ya tiyo chini ya lavabo, wanatia likidi yenye haigande. Ya karavani inatengenezwa na propilene glikoli, mara mingi iko na rangi ya pinki, na haiko sumu sawa ile ingine. Mu mwezi wa ine wanaisafisha na maji mingi mbele ya kunywa.

Ile ingine tunaijua hapa, juu iko ku garaje zetu. Likidi ya radiatere, ya kijani ao ya rangi ingine, mara mingi ni etilene glikoli. Iko na utamu, mutoto anaweza kuinywa sawa siro, na inaua figo. Haifae kutiwa ku tiyo yoyote ya maji ya kunywa, ikuwe ya karavani ao ya nyumba. Na bidoni yake, hata ukiiosha na omo mara kumi, usiiuzishe ku wenye wanachota maji. Rangi si kitu cha kuamini, juu kila kiwanda kinatia yake. Soma karatasi yenye imebandikwa, na kama karatasi imetoka, hesabu kama ni sumu. Watu wa garaje wanaweza kutoboa ile bidoni chini na musumari wa moto mbele ya kuitupa. Mutoto akiiokota, haitashika maji.