Baraza la mbao Garissa: Zulia lisilopitisha hewa huozesha mbao

KATIKA mji wa Garissa na sehemu nyingi za Kaskazini Mashariki, jua ndilo adui wa kwanza wa mbao. Mvua, ambayo huja kwa nadra, ni adui wa pili, na aghalabu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi kwa kuwa haikutarajiwa.

Wenye nyumba, mikahawa na nyumba za wageni ambao wamejenga baraza za mbao nje hutandika zulia la plastiki juu yake ili kuepuka joto la mbao miguuni, vibanzi na vumbi. Nia ni njema. Hata hivyo, zulia lililotandikwa vibaya huweza kuharibu baraza lote bila mwenyewe kufahamu, kwa sababu uozo huanzia chini ambako jicho halifiki.

Sababu yake ni hii. Mbao hunywa maji na kufura wakati wa mvua za Gu, kati ya Machi na Mei, na za Deyr, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kiangazi kinapofika, mbao hizo hizo hukauka, zikasinyaa na kupasuka. Zikiwa wazi, hukauka upesi. Zikifunikwa kwa zulia lenye mgongo wa mpira, unyevu hunaswa. Unyevu huo ukizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu na kudumu, kuvu hupata makao na kuanza kuzila. Mchwa nao hupenda mahali penye giza na unyevu.

Jambo hili si geni kwa wafugaji wa eneo hili. Herio, nyumba ya kuhamahama ya Wasomali ambayo hujengwa na kina mama, ina fremu ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka iliyosukwa. Mikeka hiyo hufungwa kwa kamba, wala haigongelewi misumari. Kitanda cha ndani huinuliwa kwa vijiti ili kisiguse ardhi, na mikeka hutandikwa juu yake. Safari inapowadia, vyote hufunguliwa na kupakiwa ngamia. Kwa hivyo kila kifuniko hupata nafasi ya kuinuliwa, kukung'utwa na kuanikwa.

Anayetaka kutandika zulia juu ya baraza la mbao anaweza kufuata mwongozo huo huo.

Kwanza, chunguza mbao. Zilizooza zibadilishwe, na misumari iliyochomoza igongwe au ing'olewe. Misumari mipya iwe iliyopakwa zinki, kwani ya kawaida hushika kutu na kuacha madoa kwenye zulia. Kisha paka dawa ya kuhifadhi mbao na uiache ikauke kabisa.

Pili, chagua zulia la nyuzi za plastiki lililotengenezewa matumizi ya nje, lenye mgongo unaopitisha maji. La sufu au la katani litaoza. Rangi nyeusi hufyonza joto na huweza kuunguza nyayo saa za mchana. Zilizopauka kidogo ni afadhali.

Tatu, litandaze zulia juani kwa saa kadhaa kabla ya kulikata, ili mikunjo inyooke. Plastiki hutanuka kwa joto, hivyo ukilikata likiwa limebaridi na kulibana ukutani, litafura na kuinuka katikati adhuhuri ikifika. Acha nafasi ndogo kila upande.

Nne, usimwage gundi eneo zima. Shikiza kingo pekee kwa utepe wa gundi wa nje au misumari michache, ili upepo usilipeperushe na bado uweze kulifunua. Mianya iliyo kati ya mbao isizibwe, kwa maana ndiyo njia ya maji na hewa.

Tano, fagia mchanga kila siku. Mchanga husaga nyuzi kama msasa na kushika unyevu. Mvua ikinyesha, inua zulia, lianike, na uache mbao zikauke kabla ya kulirudisha.

Hali ya anga ya miaka ya karibuni imeonyesha kwamba tahadhari hii si ya kupuuzwa. Baada ya misimu mitano ya mvua kutofaulu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua kubwa za El Nino zilikuja mwaka wa 2023. Mto Tana ulifurika na barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika. Waliokuwa wamezoea ukame walijikuta katikati ya maji.

Mbao husafirishwa kutoka mbali kuja Garissa, na gharama yake si ndogo. Zulia huweza kununuliwa tena kwa urahisi, lakini sakafu iliyooza humdondosha mgeni, mtoto au mzee bila onyo. Usingoje hadi ubao uanze kubonyea. Funua zulia leo, utazame kilicho chini yake.