Jirani Alipewa, Wewe Ukanyimwa

Mkulima aliyenyimwa msamaha wa kibali cha ujenzi huanza na swali moja: mbona jirani alipewa? Swali ni la haki, ila mbele ya sheria halina uzito anaoudhania. Jimbo la Oregon, Marekani, linaonyesha vizuri.

Huko, kifungu cha 455.315 cha sheria za jimbo kinayaondoa majengo ya kilimo chini ya kanuni za uimara wa majengo. Umeme na mabomba bado vina vibali vyake. Jengo likitumiwa na umma, msamaha hakuna, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Tuseme wakulima wawili wana maghala yanayofanana kwa ukubwa na michoro. Mmoja anajaza kwenye fomu: kuhifadhi nyasi kavu. Mwenzake, mkweli zaidi, anaandika: kuhifadhi na kuuza. Afisa wa kaunti anawaona wateja mlangoni tayari, anakataa. Lakini kifungu hichohicho kinataja kuuza mazao kuwa sehemu ya kilimo! Hoja yenye nguvu imo humo, wala haimo kwenye ghala la jirani.

Kwa idara za jimbo, kifungu cha 183.482 kinaitaka mahakama irudishe uamuzi unaokiuka mazoea ya idara bila maelezo. Lakini kaunti si idara ya jimbo, kwa hiyo kifungu hicho hakiihusu. Bodi ya rufaa za matumizi ya ardhi, LUBA, iliyoundwa 1979, ilisema mwaka 1983 katika shauri la Kaunti ya Union kwamba uamuzi haulazimiki kufanana na uliotangulia. Unatakiwa tu uwe sahihi ulipotolewa. Ni ukali, lakini naukubali: vinginevyo kosa la afisa mmoja lingegeuka haki ya kaunti nzima. Mwanya uliobaki ni mwembamba, nao ni kuonyesha kwamba kigezo kilekile kinasomwa hivi leo na vile kesho, kiholela.

Kwa hiyo tanguliza maneno ya sheria na matumizi halisi ya jengo. Jalada la jirani, ambalo unaweza kuliomba kama kumbukumbu ya umma, lifuate nyuma kama ushahidi wa uholela huo. Kwa kawaida rufaa ya LUBA ina siku 21 tu. Ila uliza kwanza kama shauri ni lake: kibali kinachoamuliwa kwa vigezo bayana vya ardhi, visivyomwachia afisa hiari, hakiko chini ya LUBA, na mlango wake ni mahakama ya kawaida.