Mashine Zilizohesabu kwa Safu

Msomaji wa Hirbadaw aliyepata kuitazama kombaini ikivuna ngano katika mashamba makubwa ya Hanang anajua ya kuwa mtambo ule, uendapo moja kwa moja katika shamba refu, hauna mfano kwa wepesi, bali katika vishamba vifupi muda wake mwingi hupotea katika kugeuka. Na hiyo ndiyo ila iliyoisibu STAR-100, mashine ya kampuni ya Control Data ya Marekani, iliyofika maabara ya Livermore mwaka 1974.

Kompyuta za kabla yake zilihitaji amri kwa kila hesabu, ilhali waundaji wa STAR-100 walikusudia amri moja iitoshe safu nzima ya namba, nazo zipite mtamboni zikifuatana, hii ikiingia kabla ile iliyotangulia haijatoka. Fikra ilikuwa sahihi. Lakini safu zilichotwa kutoka hifadhi kuu na kurudishwa huko huko, hata kila safu ikadai muda mrefu wa kuanza, na hesabu za namba moja moja, zisizokosekana katika kazi yoyote, zikaenda kwa uzito.

Mwaka huo huo wa 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ya kwanza ikiwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa tahadhari ya nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, nami siilaumu, ijapokuwa naamini ilituchelewesha.

Mhandisi Seymour Cray, aliyeiacha Control Data mwaka 1972, aliiponya ila ile ya STAR-100. Katika mashine yake Cray-1, iliyopelekwa maabara ya Los Alamos mwaka 1976, aliweka hazina 8 ndogo, kila moja ya namba 64, jirani kabisa na mitambo ya kuhesabu, hata jawabu la hesabu moja likaweza kuingia katika hesabu ya pili pasipo kurejea hifadhi kuu. Wala hakuzidharau hesabu za namba moja moja, bali alizifanya nazo ziende kwa kasi kubwa. Nguzo zake alizipanga kwa umbo la herufi C ili nyaya ziwe fupi, maana hata umeme huchelewa njiani. Upeo wake ulikuwa hesabu milioni 160 kwa sekunde.

Utabiri wa mvua nao huhesabiwa kwa safu vivyo hivyo: anga hugawanywa katika maelfu ya visanduku, na kila kimoja hufanyiwa hesabu zile zile za joto, upepo na unyevu. Tarehe 1 Agosti 1979 kituo cha Ulaya cha hali ya hewa kilichoko Reading, Uingereza, kilianza utabiri wake rasmi kwa Cray-1.

Tangu tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang, lililosukumwa na mvua kubwa, lilipoushukia mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80, elimu hii haiwezi kuitwa anasa kwetu. Nawasihi walimu wa hesabu wa Mbulu na Hanang waifikishe kwa wanafunzi wao.