Je, Wajua? Juisi ya Mtoto, Kumbe Pombe!

Je, wajua kwamba mtoto wa miezi 15 aliwahi kulewa akiwa mezani na mama yake, mgahawani, mchana wa watu? Ilikuwa Aprili 2011, mji wa Madison Heights, jimbo la Michigan, Marekani, katika mgahawa wa Applebee's. Aliagiziwa juisi ya tufaha, akaletewa margarita!

Huijui margarita? Ni tequila, pombe kali ya Mexico, iliyochanganywa na ndimu na pombe tamu ya machungwa. Mtoto akalaza kichwa mezani, akasinzia kidogo, kisha akazinduka amechangamka ajabu na kuanza kuzisalimia kuta, halafu kuziaga. Kuta, msomaji wangu!

Shika na hii. Hospitalini walimpima wakakuta kilevi asilimia 0.10 kwenye damu. Kikomo cha dereva wa Michigan ni 0.08, na Tanzania ni 0.08 vilevile. Mtoto aliyekuwa hata mwaka na nusu hajatimiza alikuwa amewapita madereva! Tushukuru, alirudi nyumbani salama.

Unadhani ni yeye peke yake? Kipindi hicho hicho cha 2011, mtoto wa miaka 2 aliagiziwa juisi ya machungwa katika mgahawa wa Olive Garden, mji wa Lakeland, Florida. Akaletewa sangria, yaani mvinyo uliotiwa vipande vya matunda.

Rudi nyuma hadi 2007, mji wa Antioch, California. Mtoto mwingine wa miaka 2, juisi nyingine ya tufaha, margarita nyingine! Sababu? Juisi na mchanganyiko wa margarita viliwekwa kwenye chupa za plastiki zilizofanana kabisa.

Rudi tena mwaka mmoja, 2006, New York. Mvulana wa miaka 5 alipewa kinywaji kiitwacho Long Island Iced Tea badala ya juisi yake ya tufaha. Jina linataja chai, lakini ndani hamna hata jani moja la chai: kuna vodka, jini, ramu, tequila na pombe ya machungwa, pamoja na soda kidogo ya kola ya kuipa rangi!

Umeona mchezo unavyokwenda? Margarita ina rangi ya juisi, sangria inaelea matunda, na Long Island ina rangi ya chai ya rangi. Jicho la mhudumu mwenye haraka halina namna ya kuzitofautisha. Ukishatia kwenye kikombe cha mtoto chenye mfuniko na mrija, hata harufu inajificha.

Sasa tuingie mwilini, maana huko ndiko kwenye maajabu. Je, wajua kwamba mtoto wa kilo 10 ana damu ya mililita 800 hivi tu? Mtu mzima ana lita 5. Damu yote ya mtoto huyo haijazi chupa ya maji ya lita moja!

Ndiyo maana hesabu inatisha. Kijiko kimoja cha mezani cha pombe kali ya asilimia 40 kinatosha kumfikisha mtoto wa kilo 10 karibu na ile 0.08 ya dereva. Kijiko kimoja! Baba yake akinywa kiasi hicho hicho, huenda asihisi lolote.

Je, wajua kwamba hatari kubwa mojawapo kwa mtoto aliyekunywa pombe ni kushuka kwa sukari ya damu? Ini lake lina akiba ndogo ya sukari, na pombe hulizuia ini kutengeneza nyingine. Sukari ikishuka mno, mtoto anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Ukimwona amelala fofofo baada ya kunywa kitu usichokijua, usiseme amechoka. Mkimbize hospitali!

Na ukisikia mtu anasema "mpe kahawa" au "mwogeshe maji baridi", mkatalie. Kahawa haiondoi pombe mwilini hata tone. Maji baridi ni mabaya zaidi, kwa sababu pombe yenyewe tayari inaupotezea mwili wa mtoto joto. Mfunike apate joto, mlaze ubavu, usimtapishe, na chukua kinywaji chenyewe uende nacho kwa daktari.

Haya, pumua kidogo, twende uwanjani. Mwaka 2008, katika uwanja wa besiboli wa Comerica Park, Detroit, baba mmoja alimnunulia mwanawe wa miaka 7 kinywaji cha Mike's Hard Lemonade. Alidhani ni maji ya limau, kumbe kina pombe!

Utashangaa kilichofuata. Vipimo vya damu ya mtoto havikuonyesha pombe yoyote, lakini serikali ilimchukua ikamweka kwenye malezi ya watu wengine kwa siku kadhaa. Familia ikapambana, na mwaka 2012 Michigan ikabadilisha sheria yake ya kuwachukua watoto. Chupa moja ya uwanjani ikatikisa sheria ya jimbo zima!

Tukiwa kwenye sheria, je, wajua kwamba Uingereza ina sheria ya mwaka 1933 inayokataza kumpa pombe mtoto wa chini ya miaka 5? Soma tena: miaka 5! Kuuziwa ni mpaka miaka 18, lakini nyumbani, mtoto aliyekwisha kutimiza miaka 5 hayumo kwenye katazo hilo.

Hiyo ndogo. Huko Wisconsin, Marekani, kijana ambaye hajafikia umri anaruhusiwa kunywa pombe hata mgahawani, mradi yuko na mzazi wake. Na hii ni katika nchi ambayo umri wa kununua pombe ni miaka 21!

Na Ufaransa je? Ni mwaka 1956 tu ndipo serikali ilipopiga marufuku pombe kwenye kantini za shule kwa watoto wa chini ya miaka 14. Wanafunzi wakubwa walisubiri hadi 1981! Miaka miwili kabla ya katazo lile la kwanza, waziri mkuu Pierre Mendès France alikuwa ameanzisha kampeni ya kuwapa wanafunzi maziwa.

Sasa kaa vizuri, hii inakuhusu wewe uliyelelewa na bibi. Unaikumbuka Gripe Water, ile dawa ya tumbo la mtoto mchanga? Ilianzishwa na mfamasia William Woodward mjini Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na ile ya asili ilikuwa na pombe takriban asilimia 3.6. Uingereza iliiondoa pombe hiyo miaka ya 1990!

Je, wajua kwamba hata mkate una pombe? Watafiti wa Ujerumani walipima vyakula vya kawaida na kutangaza matokeo mwaka 2016. Mikate ya baga ilifika gramu 1.28 za pombe katika kila gramu 100, ilhali juisi za machungwa, tufaha na zabibu hazikuzidi gramu 0.77 kwa lita nzima! Usimnyang'anye mtoto mkate wake: hamira ndiyo inayoitengeneza pombe hiyo, na mtoto hali mikate ya kumlevya.

Jikoni nako kuna kisa. Wengi huamini kwamba ukitia mvinyo kwenye mchuzi, pombe yote inaruka na mvuke. Wapi! Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba baada ya dakika 15 za kuchemka inabaki asilimia 40, baada ya saa nzima inabaki 25, na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna 5. Na chakula kile kinachowashwa moto mbele yako kwa mbwembwe? Asilimia 75 inabaki palepale!

Bafuni je? Baadhi ya dawa za kusukutua mdomo zina pombe hadi asilimia 27, zaidi ya mara mbili ya mvinyo wa kawaida. Vanila halisi ya kukandia keki, kwa sheria ya Marekani, lazima iwe na asilimia 35 au zaidi. Kitakasa mikono kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani kina 80! Inua chupa hizo, ziweke juu, leo hii.

Na kwetu? Tembo la mnazi likishuka tu kutoka kwa mgema ni tamu, lakini saa chache tu baadaye linakuwa kali la kulevya. Kwa hiyo tembo alilolionja mtoto asubuhi siyo tembo lile la jioni, ingawa ni lilelile!

Togwa nayo ina sifa yake. Utafiti uliofanywa Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wadogo walionyweshwa uji uliochachushwa kwa namna ya togwa walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha kwenye choo. Hiyo ni togwa changa lakini. Ukiiacha ikakaa, nayo inaelekea kwenye pombe.

Viroba unavikumbuka? Vile vipakti vya pombe kali vilivyoingia hata mfuko wa sare ya shule! Kenya ilivikataza kwa sheria ya pombe ya mwaka 2010, Tanzania ikavipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Mtoto hakuhitaji kukosewa na mhudumu. Kiroba kilimfuata dukani.

La mwisho, na hili lichukue nyumbani. Baada ya kisa cha 2011, Applebee's walitangaza kwamba juisi ya tufaha ya watoto itatolewa kwenye vifungashio vya mtu mmoja mmoja tu. Kampuni kubwa ya Marekani, na dawa yenyewe ni kifuniko!

Na wewe unaijua dawa hiyo siku nyingi. Kwenye migahawa yetu mhudumu huja na soda imefungwa, na kopo la bia likija, linafunguliwa mbele ya mnywaji. Basi mdaie na mtoto wako haki hiyohiyo: ije imefungwa, ifunguliwe mezani. Ikiwa ni juisi ya jagi, wewe uionje kwanza.