Kikaango cha Bi Georgia

Juzi binti mmoja mdogo aliniuliza swali, nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. "Mjomba, mashujaa wanakula nini?"

Swali zuri hilo! Vitabu vinatuambia Martin Luther King alihutubia. Vinatuambia Rosa Parks alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Sawa. Lakini hotuba ikiisha, tumbo linanguruma. Nani alipika?

Sogeeni hapa. Leo nitakiachia kikaango kimoja cheusi kiseme chenyewe. Mimi nitakikatiza tu, mnanijua.

"Mimi ni kikaango. Kwetu ni jikoni kwa Bi Georgia Gilmore, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Bi Georgia alikuwa mpishi, alikuwa mkunga, alikuwa mama wa watoto sita. Mwili mkubwa, kicheko kikubwa, na uoga hana. Enzi zile, mtu mweusi akipanda basi analipa senti 10 kwa dereva, mlango wa mbele. Akishalipa anaambiwa: shuka, zunguka, upandie nyuma."

Ashuke tena, Mjomba? Ndiyo, mwanangu. Ni kama uende kwa watu ugenini, wapokee kapu lako la maembe pale barazani, halafu wakwambie zunguka, upitie bandani kwa mbuzi.

"Oktoba 1955, Bi Georgia alilipa. Akaambiwa shuka. Akashuka. Hajafika mlango wa nyuma, basi hilo, limekwenda! Na senti zake zimekwenda nalo. Akarudi kwa miguu, akaapa: sipandi tena."

Tarehe 1 Desemba mwaka ule ule, mjini humo humo, Rosa Parks akakamatwa kwa kile kiti. Tarehe 5, watu weusi wa Montgomery wakagoma kupanda mabasi. Mvua ikanyesha, hawakupanda. Baridi ikauma, hawakupanda. Siku 381 hawakupanda. Hesabuni wenyewe, hizo zinazidi mwaka.

Sasa walifikaje kazini, Mjomba? Wengi kwa miguu. Wengine kwa magari ya kusaidiana, yaliyopita mitaani kuwachukua. Lakini gari linakunywa petroli, na petroli haitekwi kisimani. Pesa zitoke wapi?

"Zitoke kwangu!" kimedakia kikaango. "Bi Georgia na wenzake walichanga dola 14. Wakanunua kuku, mikate na majani ya saladi. Tukakaanga! Sandwichi zikauzwa kwenye mkutano kanisani, zikaisha. Baadaye tukapika pai na keki, zikauzwa nyumba kwa nyumba. Kila Jumatatu, Bi Georgia anapita katikati ya kanisa na pesa za kuku mkononi. Anazikabidhi kwa viongozi. Watu wanapiga makofi, wanapiga miguu chini, sakafu inatetemeka."

Kikundi chao kiliitwa Klabu ya Kusikojulikana. Mbona jina la ajabu? Aa, hapo ndipo palipofichwa ujanja. Wengi wao walikuwa wapishi na wafua nguo majumbani kwa wazungu. Bosi akijua unachangia mgomo, kazi imeota mbawa. Kwa hiyo mtu akiuliza pesa zimetoka wapi, jibu ni fupi: kusikojulikana. Nani amepika, nani amenunua, Bi Georgia alikuwa anajua, na mdomo akaufunga.

Lakini siri yake mwenyewe hakuificha. Machi 1956 King, aliyekuwa akiuongoza mgomo, alipandishwa kizimbani kwa sababu yake. Bi Georgia akasimama mahakamani, akasimulia habari ya lile basi na senti zake. Alikuwa akipika kwenye mkahawa mmoja. Wakamfukuza.

"Tukalia?" kinauliza kikaango. "Hatukulia! King akamwambia pikia nyumbani kwako, akamsaidia pesa za kuanzia. Watu wakajaa mezani kwetu: mchungaji, mwalimu, dereva, mweusi, mzungu. Wanakula wamebanana, viwiko vinagongana."

Wazee wetu husema figa moja haliinjiki chungu. Mimi humpenda sana King, na alikuwa na miaka 26 tu mgomo ulipoanza, fikirieni! Lakini hotuba ni figa moja. Wanasheria walikuwa figa la pili: walisimamia kesi ya wanawake wanne, mmoja wao msichana wa shule, Claudette Colvin, hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Wakashinda. Tarehe 21 Desemba 1956 watu wakapanda mlango wa mbele, wakakaa walipotaka. Figa la tatu mnalijua, linanukia kuku.

Na Bi Georgia, Mjomba? Aliendelea kupika. Machi 1990, watu walikuwa wakiadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kudai haki ya kupiga kura, kutoka Selma hadi Montgomery. Akaingia jikoni kuwaandalia kuku. Alikuwa mzee sasa. Akaugua, akafariki kabla waandamanaji hawajala.

"Chakula kilikuwa kimeiva," kinasema kikaango, polepole. "Jamaa zake wakakipakua. Waliokuja msibani wakala kile kile alichokipika yeye."